Mdogo wangu kaacha sigara kahamia vepu, mbona kikohozi ndo kimezidi? Wenye uelewa njooni

#1 Mtoto wa Cheyo
Wakuu salaam, nipo Tabora mjini. Nina mdogo wangu, miaka 31, kavuta sigara tangu yuko sekondari na alipofika ukubwani pakiti haimalizi siku. Mwaka huu mama kamsema sana mpaka akaagiza vepu Dar, hizi sigara za umeme, ikaletwa na basi. Na kweli sigara kaacha, nguo hazinuki, mtoto wake sasa anakubali kubebwa. Ila kikohozi jamani! Asubuhi anakohoa mpaka anashika ukuta, usiku anaamka koo limekauka anaomba maji, na enzi za fegi hakuwa hivi. Sasa nyumbani tumegawanyika. Baba mkubwa anasema bora arudi kwenye sigara tunayoijua, shemeji yangu anasema vepu hapana kugusa maana amani imerudi chumbani, mimi nipo katikati sina cha kusema. Naombeni kueleweshwa, hiki kitu ni afadhali kweli kuliko sigara au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na kikohozi kinatoka wapi? Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, nina hofu naye.

#2 Shangazi Kaliua
Nimekaa hapa nasubiri majibu, wa kwangu naye kanunua.

#3 Kibirizi Boy
Mwambie aitupe leo. 2019 Marekani vijana walianza kuingia hospitali mapafu yamejaa maji, wanapumulia mashine, chanzo vepu. Mpaka Februari 2020 walihesabiwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Hao wana hospitali za kila aina, sisi huku ukizidiwa usiku unatafuta bodaboda. Baba yako mkubwa yuko sahihi, sigara angalau tunajua inavyoua.

#4 Nesi wa Zamu
Mtoto wa Cheyo pole kwa wasiwasi. Kabla watu hawajaanza kushindana humu nijibu haya: kikohozi kina muda gani? Anatoa makohozi, yana damu? Anapungua uzito, anatoka jasho usiku, homa za jioni? Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, awe mvutaji au asiwe, anapimwa kifua kikuu kwanza, na vipimo ni bure kwenye vituo vya serikali. Nimeona watu wengi sana wanasema "hiki ni kikohozi cha sigara tu" miezi inakatika, kuja kupima ni TB na nyumba nzima ishavutishwa hewa hiyo. Msikae mnajadili moshi na mvuke wakati makohozi hayajapimwa.

#5 Fundi Simu Isevya
Mi natengeneza simu lakini siku hizi naletewa na hizi vepu, nimefungua za kutosha kwahiyo nasema nilichokiona kwa macho. Ndani kuna betri ya lithiamu, kuna kitanki cha maji yake, na katikati kuna waya mwembamba umezungushwa, ile koili, imevikwa pamba. Pamba inanyonya maji kama utambi wa koroboi, koili ikipata moto yale maji yanageuka mvuke mtu anavuta. Sasa tatizo la wateja wangu wengi hawabadilishi koili. Wiki iliyopita kuna moja nimeifungua pamba imekuwa nyeusi tii, imegandiwa na kitu kama sukari ya kuungua, ukikwangua na bisibisi inatoka vipande, harufu yake inapanda moja kwa moja puani. Na mwenyewe anaendelea kuvuta eti ladha imebadilika kidogo! Huyo havuti mvuke tena, anavuta pamba iliyoungua. Mkuu muulize mdogo wako koili kabadilisha lini, mi naweka hela yangu hapo.

#6 Kibirizi Boy
Fundi wewe unatetea biashara, koili unaziuza wewe.

#7 Fundi Simu Isevya
Naziuza ndio na nimesema ukweli. Muha na mdomo, rudi kwenye dagaa zako zinanyeshewa huko.

#8 Mkemia wa Mtaani
Wakuu tupange hoja. Kinachoua kwenye sigara kwa sehemu kubwa ni kuungua. Jani likiungua linatoa moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, na karibia 70 zinajulikana kuleta saratani, kuna lami inayogandia mapafu, kuna kaboni monoksidi inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu. Vepu haiunguzi jani, kwahiyo lami hakuna, kaboni monoksidi karibu hakuna. Ndo maana Uingereza 2015 idara yao ya afya ya jamii ikatoa tamko kwamba madhara ya vepu yako chini kwa kama asilimia 95 ukilinganisha na sigara, na 2023 wakatangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni 1 vifaa vya vepu waache sigara. Hao sio watu wa kukurupuka.

Kuhusu kikohozi. Maji ya vepu yana vitu vinne, propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini, ile inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Hizo mbili za mwanzo zinavuta unyevu, ndo maana jamaa koo linakauka usiku anatafuta maji. Koo kukauka na kukohoa ni malalamiko ya kawaida kabisa ya watu wanaoanza vepu. Anywe maji mengi na atafute yenye gliserini zaidi, mi naona hapo ndo pana jibu.

#9 Mjukuu wa Urambo
Mkemia hiyo 95 kila mtu anaitaja, hamsemi ilikotoka. Ilitoka kwa jopo la wataalamu wachache waliokaa 2013 wakapanga bidhaa za nikotini kwa kuzipa alama za madhara kwa makadirio yao, wakachapisha 2014. Hakuna mgonjwa aliyepimwa pale. Jarida la kitabibu la Lancet liliisema waziwazi kwamba msingi wake ni dhaifu. Inaweza ikawa kweli madhara ni machache sana, hata mi naelekea huko, ila tusiichukulie kama kipimo cha maabara. Sigara ilivutwa miongo na miongo dunia ikaja kukubali kwamba inaleta saratani ya mapafu, vepu za kisasa zimetoka China 2003, za kuhesabu madhara ya miaka 40 bado hazijafika umri huo.

#10 Mzee wa Stesheni
Vijana msidanganye, sigara ya umeme haikuanza na Mchina. Mmarekani mmoja Herbert Gilbert alipewa hataza 1965 ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akazunguka kwenye viwanda akakosa wa kuitengeneza. Huyo wa 2003 ni Hon Lik, mfamasia, mvutaji mzuri tu, baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Yeye ndo aliyeifanya ikauzika.

#11 Mjukuu wa Urambo
Nimesema za kisasa mzee wangu, shikamoo.

#12 Mzee wa Stesheni
Marahaba. Endeleeni.

#13 Daktari Mtarajiwa
Kibirizi Boy hapo #3 namba zako ni sahihi ila umezikata mkia. Ule mlipuko wa Marekani uliishia kwenye mafuta ya bangi ya magendo. Wauzaji wa mtaani walikuwa wanaongezea asetati ya vitamini E ili yaonekane mazito, ile kitu ukimeza haina neno, ukiivuta ikaingia kwenye mapafu ndo balaa. Walichukua majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, kwa 48 wakaikuta. Haikuwa haya maji ya nikotini ya kawaida. Na wagonjwa walivyopungua 2020 vepu za nikotini bado zilikuwa zinauzwa madukani kama kawaida.

#14 Kibirizi Boy
Sawa daktari, sasa na wewe umekata kichwa. Katika wale wagonjwa asilimia 14 walisema wametumia za nikotini peke yake. Hao nao utasema walivuta bangi usingizini?

#15 Daktari Mtarajiwa
Wapo waliosema hivyo, na kwenye jimbo ambalo bangi ni kosa mtu mzima na akili zake anaweza akamficha daktari. Lakini siwezi kusema wote walidanganya, hapo umenibana.

#16 Mtoto wa Cheyo
Asanteni sana wakuu, nimesoma zote. Nesi: kikohozi kimeshapita mwezi, makohozi yapo meupe, damu hakuna, uzito sijaona kupungua ila ratiba yake ya kula sio nzuri. Fundi: koili hajawahi kubadilisha, hata alikuwa hajui kama inabadilishwa! Mkemia: chupa imeandikwa asilimia 5 na ladha ni embe la baridi. Halafu kuna kitu sikusema mwanzo, anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na sigara alikuwa anatoka nje kuvuta, hii vepu anavuta humohumo ndani popote alipo, hata kitandani.

#17 Shangazi Kaliua
Tabora hii miembe imepanga barabara nzima, mtu anavuta embe la kiwandani 😂 mpelekeeni dodo huyo kijana.

#18 Nesi wa Zamu
Haya sasa! Mashine ya mpunga. Vumbi la pumba ni adui wa mapafu kabisa, nimehudumia watu wa mashine wasiovuta chochote maisha yao yote na wanakohoa hivyohivyo asubuhi. Anavaa barakoa? Anafunga hata kitambaa?

Na kuna jambo lingine hamjaligusa. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana kazi yake kufagia uchafu na makohozi kupandisha juu. Moshi wa sigara unavilemaza. Mtu akiacha vinaanza kufanya kazi tena, na hapo anakohoa ZAIDI kwa wiki kadhaa maana uchafu wa miaka unatolewa. Wengi wanarudi kwenye sigara kipindi hichohicho wanasema "bora nilivyokuwa navuta". Kwahiyo huyu kijana anaweza kuwa anakohoa kwa sababu kifua kinapona! Ndo maana nasema msimpe hukumu kabla ya kupima.

#19 Mjukuu wa Urambo
Asilimia 5??? Mkuu hapo ndo pangenishtua mimi. Asilimia 5 ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita 1. Uingereza na Ulaya sheria yao mwisho 20. Halafu hizi kali wanatumia nikotini ya chumvi, haikwangui koo kama ile ya zamani, mtu anavuta na kuvuta bila kusikia kitu. Sigara ina mwisho, inaungua inaisha unakanyaga kichungi unarudi kazini, hii haina mwisho, unapiga kidogokidogo mchana kutwa na ukiamka usiku unaipapasa chini ya mto.

Na mtu asiniambie nikotini ni kitu cha mchezo, mi nimekulia Urambo kwenye tumbaku. Tulikuwa tunachuma alfajiri majani yana umande, ukimaliza mstari mikono imejaa utomvu unanata, unageuka mweusi, unasugua na sabuni na mchanga hautoki, ukila ugali tonge la kwanza ni chungu. Wale wageni wa kazi, vibarua wanaotoka mikoa mingine, siku ya kwanza tu unamkuta kakaa chini ya mti kichwa kinazunguka, anatapika, jasho jembamba. Tulikuwa tunasema tumbaku imemlevya. Sasa hiyo ni nikotini imepita kwenye NGOZI tu, kwa maji ya umande. Hajavuta, hajala. Ugonjwa huo unajulikana duniani kote wanakolima tumbaku. Huyo kijana ana chupa nzima ya hiyo kitu ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo, chupa ina harufu ya embe. Mililita 10 za asilimia 5 ni miligramu 500. Mtoto akinywa sehemu ndogo tu ni msiba. Mkuu kabla ya koili na kabla ya barakoa, leo usiku nenda katoe hiyo chupa mahali mtoto anapofikia.

#20 Mtoto wa Cheyo
Dah. Nimempigia sasahivi. Ilikuwa kwenye droo ya kitanda. Kaiweka juu ya kabati na nimemwambia atafute ya kufunga na ufunguo. Asante sana Mjukuu.

#21 Mama Kulwa
Mungu akubariki Mjukuu wa Urambo.

#22 Kasulu Kwetu
Mwakeye wote. Nilete la kwangu. Nimevuta sigara miaka mingi, nimejaribu kuacha kwa maombi, kwa karanga, kwa kutafuna mswaki wa mti, nikawa narudi. Vepu ndo iliyonitoa. Nilianza na miligramu 12, nikashuka 6, nikashuka 3, leo sina hata hiyo vepu. Na mwanzoni nilikohoa kama huyo kijana, ikapita yenyewe. Sasa ninapanda kilima cha nyumbani bila kusimama. Mnaosema airudie sigara mnajua mnachokiomba? Tumbaku inaondoa zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, hakuna vepu iliyofika hapo.

#23 Dada wa Gungu
Kasulu hongera, ila wapo wa aina ya mume wangu. Yeye alinunua vepu aache sigara, sasa anavuta ZOTE mbili. Vepu ndani ya gari na ofisini, sigara jioni akiwa na wenzake. Hela inatoka mara mbili. Presha imepanda, daktari kamwambia nikotini inakaza mishipa na kukimbiza moyo bila kujali imekuja kwa moshi au kwa mvuke. Hiyo nafuu mnayoisema mimi kwangu sijaiona.

#24 Daktari Mtarajiwa
Dada wa Gungu umesema jambo kubwa. Faida ipo kama mtu AMEHAMA moja kwa moja. Anayechanganya anabaki na lami yake na kaboni monoksidi yake palepale, kapunguza kidogo tu. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2019 waliwachukua watu 886 wanaotaka kuacha sigara, nusu wakapewa vepu, nusu plasta za kubandika na bazoka za kutafuna zenye nikotini. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa hawavuti sigara upande wa vepu ni asilimia 18, upande wa pili 9.9. Karibu mara mbili, ni ushindi kwa vepu. Lakini katika hao walioshinda kwa vepu, asilimia 80 bado walikuwa wanatumia vepu mwaka ulipoisha, wakati wa plasta na bazoka ni asilimia 9 tu waliobaki nazo. Kwahiyo Kasulu na mume wa dada wote wawili wapo kwenye hesabu.

#25 Mkemia wa Mtaani
Na angalia kwenye hiyo 18, maana yake asilimia 82 hawakuweza hata kwa vepu. Nikotini sio rahisi jamani, tusiwaseme hawa watu kama hawana akili.

#26 Mwalimu Zawadi
Nyie mnajadili watu wazima, mimi nipo shule ya sekondari na kinachonitoa usingizi ni watoto. Muhula uliopita nimemnyang'anya binti wa kidato cha 2 kitu nikadhani flashi ya kompyuta, rangi ya waridi, kinanukia bigijii. Kukigeuza chini kuna sehemu ya kuchajia na juu kuna kitundu cha kuwekea mdomo. Nikamuuliza kama amewahi kuvuta sigara akashangaa kabisa, "mwalimu mimi sivuti, hii ni ladha tu". Na alikuwa anasema kweli anavyojua yeye. Huyu hakutoka kwenye sigara akahamia kwenye nafuu, huyu alikuwa hana kitu kabisa na sasa anatetemeka kipindi cha tatu anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka mpaka miaka ishirini na kitu na nikotini inaingia humo ikiwa bado laini. Mkisema "ni salama kuliko sigara" watoto wanasikia neno moja tu, salama. Naombeni muongee kwa uangalifu.

#27 Kibirizi Boy
Mwalimu hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Anayeweka ladha ya bigijii anajua anamuuzia nani.

#28 Kasulu Kwetu
Mwalimu ni kweli lakini na mimi niliyetoka kwenye fegi nilisaidiwa na ladha. Ile yenye ladha ya tumbaku ilikuwa inanirudisha dukani kununua sigara. Sijui mnafanyaje hapo.

#29 Wakili wa Kanyenye
Kwa upande wa sheria. Sheria yetu ya Bidhaa za Tumbaku ni ya 2003, mwaka uleule alioutaja Mjukuu wa vepu kutoka China, kwahiyo walioiandika walikuwa na sigara, ugoro na kiko kichwani. Kumuuzia tumbaku mtoto chini ya miaka 18 ni kosa. Shisha serikali ilikuja kuipiga marufuku 2016. Majirani zetu Uganda kwenye sheria yao ya 2015 walizitaja kabisa sigara za elektroniki wakazizuia. India wamezizuia 2019, Brazili tangu 2009. Huku Uingereza anayoitaja Mkemia, tangu Juni 2025 zile za kutumia na kutupa haziuzwi tena, na Australia vepu inauzwa duka la dawa tu. Yaani hata wakubwa hawajaelewana, mmoja anagawa bure mwingine anakamata.

#30 Mjukuu wa Urambo
Na sisi Tabora tuseme ukweli, hili jambo linatuhusu pande mbili. Mi ada yangu ililipwa na tumbaku. Mzee alikuwa anakaa kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, usiku kucha anachochea kuni anaangalia joto, likipanda sana jani linaungua gredi inaanguka, akitoka asubuhi macho mekundu anakohoa kuliko mvuta sigara yeyote. Miombo yote ya nyuma ya kwetu iliishia humo. Halafu soko likija klasifaya, yule mpanga gredi, anapita dakika moja kwenye belo la tumbaku, bei kwa dola, makato ya pembejeo, unabaki na hela ya mahindi. Nikotini nyingi ya kwenye hivyo vichupa nayo inakamuliwa kwenye jani la tumbaku. Sijui mkulima atapata nini huko mbele.

#31 Mama Kulwa
Bora walime alizeti na wafuge nyuki, asali ya Tabora inatafutwa.

#32 AMCOS Sikonge
Mama Kulwa alizeti nani anakukopesha mbolea? Kampuni za tumbaku zinaleta mbolea mpaka mlangoni ndo maana watu hawatoki. Tusihame mada lakini, hii inahitaji uzi wake.

#33 Mwanga Center
Mnahangaika na vepu na sigara, mi natumia kuberi, hakuna moshi hakuna mvuke, mapafu safi kabisa.

#34 Nesi wa Zamu
Mwanga Center mapafu safi na mdomo je? Tumbaku ya kuweka mdomoni inaleta saratani ya kinywa na ya umio, ile njia ya chakula. Jiangalie kwenye kioo pale unapoiweka, ukiona pamekuwa peupe au kuna kidonda hakiponi usikae nyumbani.

#35 Mwanga Center
Umenitisha dada. Ngoja nichukue kioo.

#36 Mzee wa Ujiji
Nimesoma tangu juu. Swali langu ni dogo, kwanini huyo kijana asiache vyote?

#37 Daktari Mtarajiwa
Ndo lengo mzee wangu, hakuna hapa anayebisha. Ila mtu wa miaka 15 ya sigara ukimwambia acha vyote leo, wengi kesho wapo kwenye sigara. Ndo maana watu wanatafuta daraja.

#38 Mzee wa Ujiji
Daraja unapita, hujengi nyumba juu yake.

#39 Mtoto wa Cheyo
Mrejesho wakuu. Tumeenda hospitali, makohozi yamepimwa, TB hana, tunashukuru Mungu, mama kalia. Picha ya kifua daktari kasema haoni kitu cha kutisha. Kamwambia avae barakoa kwenye mashine na vepu apunguze ukali, asiguse sigara kabisa, arudi baada ya wiki kadhaa. Kabadilisha koili, Fundi ulikuwa sahihi, pamba ilikuwa nyeusi. Tumepata maji ya miligramu 12, na kushuka zaidi tutaendelea nako. Kikohozi cha usiku kimepungua, cha asubuhi bado kipo.

#40 Fundi Simu Isevya
Si nilisema! Koili hiyo.

#41 Mkemia wa Mtaani
Koili imebadilishwa siku moja na maji yamebadilishwa, kwahiyo huwezi kujua ni ipi. Usiku ndo alikuwa anakauka koo, na amepungua usiku. Ni yale maji.

#42 Nesi wa Zamu
Na barakoa je mmeisahau? Halafu cha asubuhi kinaweza kuwa ndo kile cha kifua kujisafisha, kitaisha taratibu. Arudi tarehe aliyopewa, asiseme amepona akakaa nyumbani. Na baba mkubwa apewe majibu ya picha asome mwenyewe.

#43 Kibirizi Boy
Mi bado nasema picha ya leo haionyeshi ya miaka 20 ijayo. Ila nimefurahi TB hana, kweli kabisa. Mwambie ashuke mpaka sifuri, asiishie 12.

#44 Mtoto wa Cheyo
Nitamfikishia. Baba mkubwa kaisoma picha juu ya jua, kasema haoni kitu 😂 bado anataka arudi kwenye sigara.

#45 Shangazi Kaliua
Mimi nina swali tofauti. Wa kwangu anachajia vepu kwa chaja ya simu, zile za haraka, anaiacha kitandani usiku kucha. Kuna hatari?

#46 Fundi Simu Isevya
Ipo shangazi. Vingi vya bei ndogo havina kinga nzuri ya chaji, chaja ya haraka inasukuma umeme mwingi betri inavimba, na lithiamu ikiwaka maji hayaizimi kirahisi. Tumia chaja ndogo ya kawaida, ichajiwe mchana watu wakiwa macho, juu ya sakafu au meza, sio godoro. Ukiona imevimba au inachemka mkononi usiichaji tena.

#47 Dada wa Gungu
Fundi na zile za kutupa, ikiisha naitupa tu jalalani?

#48 Fundi Simu Isevya
Usitupe kwenye jalala mnalochoma moto dada, ile betri inalipuka na watoto wanaokota. Mi hapa nina ndoo ya mchanga naziweka humo, anayepita Isevya aniletee.

#49 Kasulu Kwetu
Ya kwangu ya zamani ninayo bado kabatini, nakuja Tabora na treni mwisho wa mwezi nitakuletea.

#50 Fundi Simu Isevya
Njoo nayo, na usije mikono mitupu, mawese lita 5.